Viti Mia Tatu

Raili amehesabu tena: viti mia tatu,
soseji mia sita, keki moja yenye nembo
ya kiwanda cha karatasi. Bajeti
imebanwa hadi kwenye leso za mezani.

"Siku ya Ujirani Mwema," yasema barua ya wakubwa,
wao hao waliozima mtambo wa pili mwezi Machi.

Saa sita. Theluji inalemea turubai.
Mkurugenzi amekwama uwanja wa ndege, Helsinki;
hotuba yake imetangulia kwa baruapepe, kurasa nne.
Viti vimekaa. Watu hawajakaa.

Halafu Veikko, aliyeachishwa kazi
baada ya miaka thelathini na mmoja,
anatokea na koleo begani, hasalimu,
anazoa theluji mlangoni kana kwamba zamu imeanza.
Nyuma yake mkewe, wajukuu, mtaa mzima,
kila nyumba na sufuria yake:
cha kiwanda hawali bure, hao.

Raili anaikunja hotuba mara nne
(karatasi nzito, ya hapahapa)
anaisokomeza chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Shughuli ni watu.
Ratiba ya saa saba na robo
anaifuta kwa kidole chenye haradali,
anauliza sufuria ile ina nini.