Mwanagenzi wa Kuta

Kazi ya Struan Geddes ni kugonga kuta.
Saa tatu kamili anavaa hedifoni,
anamchukua askari asiyetiwa uso bado
na kumsukuma, bega mbele,
kwenye kila ukuta wa mji usiokuwapo,
akitafuta ufa.

Jumatatu aliupata, nyuma ya duka la mikate.
Askari akazama ukutani kama kijiko kwenye uji,
akapenya sakafu,
akawa anaanguka katika weupe usio na chini,
wima, mikono ubavuni, bila kufika.
Struan akaandika: Hitilafu 212. Mtu anaanguka. Haachi.

Kesho yake mama yake aliuliza, akimenya viazi:
"Na yule wa jana, mmemtoa?"

Mshahara wake una mifuko miwili.
Mmoja ni wa Moira Petrie, mwenye studio,
vyumba viwili juu ya kinyozi, hapo Dundee,
ambapo mvua haingoji msimu.
Wa pili ni wa serikali,
na mkono wa serikali ni mrefu, ila hupitia fomu:
kurasa kumi na nne.

Ukurasa wa tatu: mwanagenzi anafunzwa ufundi gani?
Fundi bomba alikuwamo. Fundi umeme. Mwashi.
Kinyozi alipanda ngazi na mkasi wake, akacheka:
hata yeye alikuwamo.
Michezo ya kompyuta, hapana.
Chai ikapoa.
Moira akatia vema kwenye mwashi.
"Kwani hapimi kuta?"

Machi, mkaguzi akaja kuuona huo ukuta.
Bi Aldith Rennie, koti likichuruzika, faili kwapani,
akatazama kapeti, meza, nyaya,
akairudia fomu.
Hakuna saruji. Hakuna hata ndoo.
Moira akaanza kueleza, akakwama.
Struan hakueleza. Alimpisha kitini,
akamtia padi mkononi.
"Sukuma popote. Bega mbele."

Akasukuma kanisa, likashika.
Akasukuma benki, ikashika.
Akasukuma kijiukuta cha bustani
ambacho Struan alikuwa amekiapia,
na huyo, chini,
chini,
weupe mtupu,
miwani imemteleza hadi ncha ya pua.
"Nasimamaje? Hapa mtu anasimamaje?"

Struan alikuwa keshashika kalamu.
Hitilafu 213, akaandika,
na pale pa jina la aliyeigundua akasita:
"Rennie ni kwa n mbili?"

Faili lilikuwa bado limefungwa,
likidondosha maji kwenye kapeti.