Ya Kutoka Iwapi?

Nyuzi tisini na saba.
Namba nyekundu pembeni mwa kioo,
nami niko dakika ya themanini na mbili, naongoza kwa bao moja,
wachezaji wangu wakikimbia kama wamevaa makubadhi topeni,
mara kioo cheusi.
Mle ndani feni ikalia kidogo,
paka aliyefungiwa stoo,
ikanyamaza.

Ina miaka kumi na moja mashine hii.
Nimeinunua kwa karani wa benki aliyepewa uhamisho;
ilitoka gatini juu ya punda, imefunikwa blanketi
kama bi harusi, watoto wa Langoni wakiifuata nyuma.
Mama akasema iwekwe kidakani
penye bakuli za nyanya yake.
Akaondoa tatu, akaacha mbili,
isione upweke.

Shekuwe, fundi wa simu, aliicheka:
"Hiyo ni ya kuchezea karata. Tupa."
Nitupe? Kwa mshahara wa kuuza dawa za kikohozi?
Nikaitia viraka.
RAM gigi nane kwa pesa ya mchezo, zamu yangu ilipofika.
Diski mpya, nyembamba kama biskuti.
Kadi ya picha ya mtumba, imekuja kutoka Mombasa
na manyoya ya paka wa mtu nisiyemjua.
Na kila nilichotia kilikuja na joto lake.
Mzee umemvika koti jipya,
sasa unamuuliza jasho la nini.

Ijumaa, baada ya swala, nikaifungua.
Skrubu mbili zimeliwa na chumvi,
zilitoka vichwa, miili ikabaki.
Kwenye mapezi ya shaba limelala vumbi jeupe,
chokaa ya ukuta wa nyumba hii hii,
laini, kama unga wa mkate wa mofa.
Mayai mawili ya mjusi; moja limekwisha anguliwa.
Malhamu iliyokaa baina ya prosesa na kipoozi
imekauka ikawa ugoro.
Nikaifuta kwa pamba na spiriti, taratibu,
kama ninavyosafisha vidonda vya watu dukani,
nikatia tone jipya, punje ya choroko, si zaidi.
Feni mbili mpya. Chujio la vumbi
ni soksi ndefu ya dada yangu Mwanakheri,
ambaye bado anaitafuta.

Nikawasha.
Themanini na tisa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi.
Kipanya hajakigusa tangu kiingie nyumbani,
jina lake tu linamtosha.
Akaweka sinia chini, akapitisha kiganja
nyuma ya mashine, kwenye ule ukuta wa kidaka usio na tundu,
akakitoa haraka, akakipuliza.
"Upepo una ndiya ya kungia," akasema.
"Ya kutoka iwapi?"

Mtu aliyezaliwa chini ya dari hizi za boriti,
anayejua dirisha la kufungua adhuhuri
na la kufunga alasiri,
na kwa nini fundi wa kale aliacha mwanya juu ya mlango.
Nami miezi minne nasoma habari za feni.

Tukaibeba hadi dakani,
pale wanapokaa wageni wasioingia ndani.
Waya umepita chini ya mlango, kioo juu ya kigoda.
Hewa inaingia kwa mbele, inatokea uchochoroni,
na wapita njia wanatoa salamu, wanauliza ngapi ngapi.
Ami Bwanaheri husimama na kikapu cha samaki
mpaka barafu iyeyuke.
Bakuli tatu zimerudi kidakani. Mama amezipangusa mara mbili.

Nyuzi sabini na moja.
Dakika ya themanini na mbili, naongoza kwa bao moja.
Picha laini, feni inanong'ona,
kila mchezaji yuko mahali pake.
Nikafungwa mawili.

Uchochoro mzima uliona.
Na sasa sina wa kumsingizia.