Nyeupe Pe

Bi Zena kaja mapema,
juu juu akihema,
mlangoni akasema:
“Nyumba yangu siioni!”

Nyumba i pale, si mbali,
ghorofa mbili kamili
na paka wake wawili,
mtaa wa Mkomani.

“La, si hiyo!” akajibu,
“Ya mtandao, Shaibu!
Wageni wapata tabu,
nyeupe, tupu, kwa nini?

Tangu Jumatatu hii
simu yangu hailii,
wala mtu haingii,
shuka zimo kabatini.”

Nafungua: nyeupe pe!
Nikapepesa ukope:
hapana doa la tope,
chokaa ya ukutani.

Nikaizima, kuwasha,
kumbukumbu nikaosha,
simu tatu nikachosha,
yale yale, sibaini.

Bi Zena: “Hii husuda!
Waona nina faida.
Jicho hili lina muda
lanifuata nyumbani.”

Sikucheka. Nikavuta
kiti, seva nikaita;
nenosiri nikapata
kwenye risiti, pochini.

Ukurasa hunyamaza;
lakini ukichunguza,
shajara huyaeleza
makosa yote, foleni.

Pale mstari wa tisa,
pembeni mwa neno pesa,
limeachwa wazi, tasa,
bano lisilo mwandani.

“Mtu kafungua bano,
asimalize maneno,
kaliacha kwa mfano
wa mlango wa uwani.”

“Nani?” Jina limo humo,
tarehe na saa zimo:
Swafiya. Hapo, kikomo:
siku ya kwenda Omani.

Ni mwanawe. Siku ile
bei kishusha, kelele
za boti zaita mbele,
za Manda, za uwanjani.

Bi Zena akainama,
jina akalitazama,
la husuda hakusema
tena. Akakaa chini.

Nikalipa bano mwenza,
faili nikalitunza,
ukurasa ukaanza
kujaa rangi usoni:

dari, kitanda cha kamba,
paka kalalia pamba,
kioo cha kujipamba,
na mpiga picha ndani.

Nusu uso, na mkono,
simu imeficha meno,
kanga yenye lake neno
lisomwalo kinyumeni.

Nikasema: “Niikate,
picha ipendeze wote?”
“Usiguse! Wacha yote
yalivyo humo chumbani.”

Bei je? “Alivyotaka.”
Kisha simu akashika;
ikiita, akacheka:
“Hukufunga, we, uwani!”