Unene wa Ukucha

Taa ilianza kuwaka Jumanne ya mnada,
nikitoka Sikonge na madumu tisa ya asali,
gari likinuka moshi wa warina asali.
Nyekundu. Alama ya mshangao ndani ya duara,
kama mtu aliyejiziba mdomo kwa viganja viwili
asije akasema.
Nikakanyaga breki: zikashika.
Nikakanyaga tena: zikashika.
Kufika Chemchem taa ikazima
bila hata kuaga.

Kesho yake asubuhi ikawaka, saa sita ikazima.
Keshokutwa ikawaka kwenye kona ya kushoto,
ya kulia ikatulia.
Nikaanza kuichunguza kama mkwe:
leo kaamkaje, jana nilimkosea nini.

Fundi Msabila wa Isevya si msemaji.
Aliinua boneti, akamulika kikopo cha mafuta ya breki,
akalitikisa gari kwa nyonga, akatazama boya likicheza.
"Yamepungua. Siyo sana. Kwenye kona yanalala upande,
boya linazama, taa inawaka."
"Basi ongeza."
"Nikiongeza nitakuwa nimeinyamazisha taa.
Mafuta ya breki hayanywewi na mtu, dada Kalunde.
Yakipungua yamekwenda mahali."
Akafungua tairi la nyuma. Ndani ya dramu mlikuwa na unyevu
mweusi, wa siri, kama jasho la kwapani.
Mpira wa silinda umechoka, brekishuu zimelowa.
Elfu themanini na tano. Nikalipa nikiguna.

Asubuhi iliyofuata: nyekundu.

Sitayarudia yote niliyomwambia kwenye simu.
Neno mwizi lilikuwemo,
tena mara mbili, mbele ya wateja wangu.
Nikasikia spana ikiwekwa chini,
halafu: "Lilete nilione."
Sikulipeleka.
Nilikwenda kwa kijana mmoja karibu na stesheni,
akachomoa waya, taa ikafa, akachukua elfu tano.
Siku mbili nikaendesha gari lisilo na la kusema,
na usiku usingizi ukanipaa.
Nikamrudia auchomeke. Akachukua elfu tano nyingine.

Wenye jibu walikuwa sisimizi.
Jumapili, nikifagia gari, niliuona mstari wao
umepanda kizingiti cha mlango,
ukapita chini ya kiti,
ukazama kwenye ngozi iliyokunjamana
pale handibreki inapoota.
Wengine hufuata nyuki wakala asali;
mimi nilifuata sisimizi.
Nikafungua skrubu mbili kwa kisu cha jikoni.

Nta.
Nta na asali ya dumu lile la tano,
nililoliziba kwa mfuko wa plastiki nikasema litafika.
Imeshikana na vumbi ikawa gundi,
ikakaa chini ya mkono wa handibreki,
na mkono haukushuka hadi mwisho:
ulibaki juu, unene wa ukucha,
na swichi, mtumishi mwaminifu, ikaripoti.
Asubuhi ya baridi nta ni jiwe.
Saa sita ni uji.

Taa moja, nyaya mbili.
Mmoja unatoka kwenye mafuta, mmoja kwenye mkono,
na zote zinasema kwa mdomo mmoja.
Msabila alitibu wa kwanza,
nami nikamhukumu kwa wa pili.

Nilimkuta chini ya Fuso la tumbaku, miguu tu nje.
Nikaisimulia miguu habari yote:
nta, sisimizi, kisu, lile neno mara mbili.
Miguu ikatulia.
Kisha mkono ukatoka, mweusi kwa grisi,
nisijue unataka salamu au nini.
"Namba kumi na nne," alisema.

Nikaitafuta kwenye boksi, nikampa.

Dumu la asali nililiacha juu ya benchi lake,
limezibwa kwa kifuniko chake chenyewe.