Chekeche

Shamba hili la baba, hatua mia nane toka kinamasi,
kwa miaka arobaini lilikuwa la alizeti tu.
Sasa limepigwa kamba, miraba miraba, kama daftari la hesabu,
na mimi, Borka binti Zsigmond, nalipwa kwa siku
kuchekecha udongo uleule
niliofokewa utotoni nikiuingiza ndani kwa viatu.

Daktari Etelka haongei sana. Hupiga magoti,
husoma rangi za ardhi: hapa nguzo ilioza,
hapa shimo la nafaka, hapa tanuri,
ligonge kwa mwiko, sikia linavyolia.
Wanafunzi wake huenda kinamasini na bomba refu,
wanarudi na tope jeusi, chavua ya miaka mia saba imelala humo:
ngano, ngano, ngano,
kisha ngano haba,
kisha matete.

Baba husimama ukingoni, kofia mkononi kama yuko mazishini.
"Watatari waliwachoma. Babu aliniambia, naye aliambiwa."
Kila kijiji cha tambarare hii kina moto wake wa kurithi.
Lakini majivu hatukuyaona ila tanurini,
wala mifupa ya watu ila makaburini, mikono imekunjwa kwa adabu.
Tulichokiona ni visima vitatu,
kila kimoja juu kidogo ya mwenzake, vikiyakimbia maji.
Na nyumba ya mwisho: haina bawaba, haina komeo,
hata jiwe la kizingiti wamelibeba.
Walihama wakihesabu misumari.

Baba hakupenda. Moto una heshima yake;
nani atasimulia tope?

Alhamisi, mvua ikinyemelea, chekecheni kikakwama kitu:
mfupa wa mguu wa farasi, urefu wa shubiri,
upande mmoja umesuguliwa ukang'aa kama jino.
"Wa kutelezea barafuni," alisema Etelka. "Wa mtoto."
Baba akashuka shimoni, mara yake ya kwanza,
akaugeuza, akaupitishia dole gumba.
Basi maji yale yaliyowafukuza,
kabla ya kuwafukuza yaliganda,
na mtu akayachezea.

Hakusema neno. Usiku nilimkuta bandani,
taa imening'inizwa kwenye trekta,
anakwangua udongo mkavu kwenye jembe la mwaka jana,
anauchungulia kiganjani, punje kwa punje,
kabla ya kuutupa.