Daraja la Pili, Watu Watano

Kopo la maziwa ya unga nililimwaga kitandani
usiku, Drani akiwa lindoni, watoto wamelala.
Taratibu, maana sarafu zina mdomo,
na nyumba yetu ni bati la duara:
ukikohoa, mke wa Sajenti Okwir anakujibu pole.

Elfu themanini na tatu na mia tano.
Miezi kumi na mmoja ya chapati za alfajiri
getini pa kambi ya Nsambya,
na ile wiki ya Januari
nilipojikopa mwenyewe
nikajilipa kwa riba.

Niliwaahidi meli.
Lilinitoka tu, siku mvua inapiga bati,
ili wanyamaze.
Lakini mtoto ni mdai asiyehama mtaa.
Letaru akaichora mlangoni kwa mkaa:
ghorofa saba, bendera,
na mimi juu kabisa, mnene kuliko nilivyo.
Candia akauliza kama ina choo.

Meli tunayoiweza sisi ina ghorofa moja na nusu.
Inang'oa Nakiwogo saa nane mchana,
inafika Kalangala jua likizama,
na hapa ndipo hesabu iliponikaba:
hairudi mpaka asubuhi.
Chumba cha wageni kule
ni chapati mia moja na ishirini.
(Siku hizi kila kitu nakipima kwa chapati.)

Drani akampigia Ezaruku,
waliofundishwa kwata pamoja Masindi,
sasa yuko kituo cha visiwani.
"Nafasi ipo," akasema. "Rumande ya wanawake.
Tupu tangu Pasaka. Nitaifagia.
Ufunguo mtakaa nao nyinyi."
Drani alicheka mpaka kofia ikaanguka.
Mimi sikucheka. Niliuliza kama kuna dirisha.
Lipo, akasema. Linatazama ziwa.

Jumatatu nikaenda kwa wakala,
nyuma ya duka la simu pale Kabalagala,
nimemshika Ayiko mkono.
Karani ana kucha za zambarau, hainui macho.
Wakubwa? Wawili. Watoto? Watatu.
"Chini ya miaka mitano hawalipi."

Ulimi wangu ulikuwa tayari tangu Ijumaa:
huyu ana minne, ni urefu tu, kamfuata baba yake.
Njiani nilimfunza: tukifika pale, tazama viatu.
Akatazama viatu. Alivitazama vizuri kabisa.
Kisha karani, kwa wema tu, akamwinamia:
"Na wewe mdogo, majini hutaogopa?"
Akasimama juu ya vidole:
"Mimi si mdogo! Nina sita na nusu!
Mwezi wa kumi na moja nafika saba!"

Foleni nzima ikaangua kicheko.
Mke wa polisi, nikajisemea,
kakamatwa na konstebo aliyemzaa.

Nikalipa. Elfu sabini, kwenda na kurudi,
noti laini zinazonuka mafuta ya kukaangia.
Karani akazihesabu mara mbili,
akagonga muhuri, akasema,
"Dirishani akae huyo msema kweli."

Zimebaki elfu kumi na tatu na mia tano:
nauli ya kufika Nakiwogo,
mayai ya kuchemsha,
soda moja ya kupokezana.
Vinavyouzwa melini tutavipita
kama tunavyopita msibani kwa tusiowajua,
kwa heshima, bila kusimama.

Leo Alhamisi. Safari ni Jumamosi.
Letaru ameitangazia kambi:
"Likizo hii tunalala rumande!"
Watoto wa Okwir wanalia, wanataka nao wafungwe.
Drani amerudi lindo, amelala na buti moja.
Tiketi tano ziko ndani ya kopo, mahali pa pesa.
Nimelitikisa. Kimya.

Kuna jambo sijamwambia mtu.
Kwetu ni nchi kavu, mto tuliuvuka kwa miguu kiangazi;
tangu nizaliwe sijakanyaga chombo cha majini.
Karani alimuuliza mtoto kama ataogopa.
Mimi hakuniuliza.