Swali la Mlangoni

Sikukuu ya pili, Wete. Mwanangu Haitham
ananivuta mkoba hadi kwa muuza vitu vya watoto:
puto, miwani ya karatasi, tarumbeta,
na bastola za plastiki, nyekundu, kijani,
zimelazwa juu ya turubai kama dagaa.
"Mama, elfu mbili tu."
Nasema hapana. Muuzaji anacheka:
"Bi mkubwa, hii inatoa maji."

Najua. Naona inavyotoa maji.

Baba yangu, Faki Shaame, alikuwa na gobori la tumbili.
Tumbili wa Pandani hawaogopi sanamu ya matambara;
huivua kofia, huikalia begani, wakala ndizi.
Gobori likikaa juu ya kabati la mama,
nyuma ya kapu la sahani za wageni,
baruti ndani ya kopo la maziwa,
na siye tukipajua pahala pake
kama tulivyopajua pahala pa sukari.

Wakubwa hudhani kuficha ni kuweka juu.
Mtoto, dunia yake nzima iko juu;
kazi yake ni kupanda.

Usiku ule mvua ilimrudisha kabla hajalipiga.
Na gobori likishashindiliwa halitapiki,
hulitoi kilichomo ila kwa moto.
"Kesho," akasema, akavua viatu.
Kesho ilikuwa msimu, karafuu zimeiva,
wakubwa wote mashamba tangu alfajiri,
siye watoto ndani, na polo zima la kuchambua vikonyo.

Mchezo aliutunga kaka yangu Mbarouk, miaka minane.
Yeye mkulima, Time tumbili.
Time akaingia chini ya meza, akajikuna kwapa,
akatutolea meno (alikuwa na pengo, la juu, kushoto),
Mbarouk akapanda juu ya kinu akanyoosha mkono

Ngoja.
Kinu kilikuwa uani. Nani alikiingiza ndani?
Miye. Nilikibiringisha miye.
Miaka ishirini na sita, sijalitamka hili
mpaka mstari huu.

Mlio siukumbuki. Nakumbuka karafuu
zilivyoruka jamvini zikatua upya,
na moshi, na harufu iliyozila harufu zote,
na Mbarouk akisema, "Amka basi.
Amka, sasa wewe uwe mkulima."

Watu walikuja na neno moja: kadari.
Baba akalishika kama aliyetumbukia kisimani ashikavyo kamba.
Mama hakulikataa. Ila siku ya hitima
alisimama penye pazia, akasema wanaume wakisikia:
"Kadari ni ya Mungu. Kabati ni letu,
na halikuwa na kufuli."

Mbarouk sasa ni fundi cherehani, Konde.
Hushona sare za skuli. Sindano ikikatika,
ikalia ta!, hutoka nje akasimama juani.
Hakuna aliyemshitaki. Hakuna aliyemwachia.

Nami nimekuwa mwanamke asiye na haya.
Haitham akialikwa kucheza, natangulia miye,
nakunywa chai, naisifu kashata, kisha nauliza:
"Shoga, samahani, humu ndani mna silaha?
Mumeo ni mtu wa kikosi, huja nayo nyumbani?
Hufungiwa? Risasi hulala chumba kimoja nayo?
Na ufunguo, nani analala nao?"
Wapo wanaokunja uso. Bi Salhina wa Jadida
hakunisemesha mwezi mzima.
Kisha akaja baada ya isha, kafutika kufuli mpya kwenye kanga,
akaniuliza kama ni madhubuti.

Haitham nimemfunza hili kabla ya alifu na bee:
ukiiona usiiguse, toka, mwite mtu mzima.
Hata ikiwa mchezo. Hata wenzio wakikwita mwoga.
"Hata ya maji?" ananiuliza sasa, mbele ya turubai.
Sina jibu zuri. Nampa muuzaji hela ya tarumbeta.

Analipuliza njia nzima, ovyo ovyo,
masikio yananiuma,
na simwambii anyamaze.